Simu Baada ya Kuuzwa: Ushindani wa Watengenezaji na Suala la Mamlaka

Mijadala kuhusu simu janja, iwe ya vijiweni, ya magazetini au ya wachambuzi wa vifaa, kwa kawaida huanza na kuishia katika swali la simu ipi ni bora, na ubora wenyewe hupimwa kwa mambo yanayoweza kuandikwa juu ya boksi: ukubwa wa memori, idadi ya kamera, uwezo wa betri, na kasi ya prosesa, yaani kile kijisahani cha kielektroniki kinachofanya hesabu zote za simu. Vipimo hivyo vina manufaa yake, lakini vyote hueleza simu ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Havisemi ni nani atakayeamua, mwaka mmoja au mitatu baadaye, kama simu hiyo itaendelea kupokea masasisho ya usalama, kama kioo chake kitaweza kubadilishwa na fundi wa mtaani, ni programu zipi zitakazoruhusiwa kuingia ndani yake, au kama itafungwa kutoka mbali kwa sababu mwenyewe amechelewa kulipa. Ushindani wa watengenezaji umekuwa ukihamia katika mambo haya hatua kwa hatua, na maoni ya wanunuzi wa Afrika Mashariki, ambayo mara nyingi hubezwa kuwa ni ya watu wanaotazama bei tu, yameligusa suala hilo kwa ukaribu kuliko tathmini nyingi za kitaalamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uhusiano kati ya kiwanda na simu ulikatika pale dukani. Nokia 1100, iliyotengenezwa na kampuni ya Nokia ya Finland na kuingia sokoni mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote, na sababu zake hazikuwa za kitaalamu sana: ilikuwa na tochi, vibonye vyake vilifunikwa visipitishe vumbi, chaji yake ilikaa siku kadhaa, na ilipoharibika ilifunguliwa kwa bisibisi na mara nyingi kurudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Ndiyo aina ambayo Watanzania huiita kitochi na Wakenya mulika mwizi, na bado haijatoweka. Hata huduma iliyokuja kubadili maisha ya kiuchumi ya eneo hili kuliko nyingine yoyote ya simu, yaani M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008, haikumtegemea mtengenezaji wa simu. Nchini Kenya menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya laini, kwa mfumo unaoiwezesha laini yenyewe kubeba programu ndogo, hivyo ikafanya kazi sawasawa katika simu ya bei ya chini kabisa na katika simu ya bei kubwa. Aliyekuwa na kauli wakati huo ni mtandao, na jambo hili hupitwa kirahisi katika historia za simu zinazoandikwa kwa kufuata matukio ya California peke yake.

Mwaka huohuo wa 2007 ndipo Apple ilipotangaza iPhone mwezi Januari na kuanza kuiuza Juni. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja Julai 2008, kampuni hiyo ilipofungua duka lake la programu, App Store, likiwa na takriban programu 500. Programu tumizi, yaani zile zinazopakuliwa na mwenye simu kwa kazi maalumu kama kutuma ujumbe, kuhariri picha au kusoma ramani, zilikuwepo kabla ya hapo; jambo jipya lilikuwa kwamba mlango wa kuingilia sasa ulikuwa mmoja, na ufunguo wake ulibaki mkononi mwa mtengenezaji hata baada ya simu kulipiwa. Google, iliyokuwa imeinunua kampuni changa ya Android mwaka 2005, ilichukua njia nyingine. Mfumo wake endeshi, ambao ndio programu mama inayosimamia kila kitu ndani ya simu, ulitolewa bure kwa kiwanda chochote kilichoutaka, na simu ya kwanza ya aina hiyo ikauzwa Oktoba 2008. Ubure huo ulikuwa na masharti yake, kwa kuwa kiwanda kilichotaka kuweka duka la Play Store katika simu zake kililazimika pia kuweka huduma nyingine za Google.

Nokia ilishindwa katika mpito huo ikiwa bado inatengeneza vifaa imara. Februari 2011 iliuweka kando mfumo wake wa Symbian na kuungana na Microsoft, Septemba 2013 ikatangaza kuuza kitengo chake cha simu kwa kampuni hiyohiyo, na mauzo yakakamilika Aprili 2014. Maelezo ya kawaida ni kwamba Nokia ilizembea, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwani kamera na betri za simu zake za miaka ya mwisho zilisifiwa hata na wapinzani. Kilichokosekana ni waandishi wa programu. Watengenezaji wa programu hufuata mahali penye watumiaji wengi, na watumiaji hufuata mahali penye programu nyingi, kiasi kwamba mfumo wa tatu unaochelewa kuingia huwa na nafasi finyu mno ya kujijenga hata ukiwa na fedha za Microsoft nyuma yake.

Kesi iliyovuta macho ya dunia katika kipindi hicho, ile ya Apple dhidi ya Samsung, iliyofunguliwa Marekani Aprili 2011, ilihusu umbo la simu, mpangilio wa alama juu ya kioo na namna ya kukikuza kilichoonyeshwa kwa vidole. Baraza la wazee wa mahakama liliipa Apple fidia ya zaidi ya dola bilioni 1 mwezi Agosti 2012, shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na pande mbili zikamalizana nje ya mahakama Juni 2018. Ukilinganisha kelele zake na matokeo yake, ilikuwa kesi ndogo. Uzito zaidi ulikuwa katika mashauri yaliyofuata, ambayo hayakuuliza nani amemwiga nani: Umoja wa Ulaya uliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 mwezi Julai 2018 kwa masharti iliyokuwa ikiwawekea watengenezaji wa simu za Android, na Agosti 2020 kampuni ya michezo ya Epic iliishitaki Apple kwa kupinga kamisheni ya asilimia 30 iliyokatwa katika malipo yaliyofanywa ndani ya programu. Hapo ndipo mgogoro halisi ulipokuwa, yaani mlango wa duka.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia yake. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu mwaka 2009, kabla ya kuirudisha mwaka 2013, na katika kipindi hicho cha nafuu ndipo simu ya Huawei IDEOS, iliyouzwa kupitia Safaricom kwa takriban dola 80, ilipowaonyesha wafanyabiashara kwamba simu janja ingeweza kuwa bidhaa ya watu wa kipato cha kawaida. Aliyevuna zaidi kutokana na somo hilo, hata hivyo, hakuwa Huawei wala Samsung. Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang na yenye makao yake Shenzhen, iliamua mapema kuelekeza nguvu Afrika, na kupitia chapa zake tatu za Tecno, Itel na Infinix imefikia kuuza karibu nusu ya simu janja zote zinazoingia barani humu, ilhali katika maduka ya China kwenyewe majina hayo ni mageni. Ilipoingia katika soko la hisa la Shanghai Septemba 2019, wawekezaji wengi wa huko walikuwa wananunua hisa za kampuni ambayo hawajawahi kushika simu yake.

Ushindi huo hauelezeki kwa bei peke yake, kwa sababu simu za bei ndogo zilikuwepo tele. Transsion iliyasoma mazingira ambayo washindani wake waliyachukulia kuwa ni kasoro za kupita. Kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi na kuvuka kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walibeba laini mbili au tatu na kuzibadilisha kwa kucha kila walipotaka kumpigia mtu wa mtandao mwingine. Kampuni hiyo ikatoa simu za laini mbili, na baadaye hata nne, wakati chapa kubwa ziliona jambo hilo halina maana. Umeme haukufika kila mahali na ulipofika ulikatika, hivyo betri ikapewa nafasi kubwa kuliko wembamba wa simu. Kamera nyingi zilikuwa zimerekebishwa kwa nyuso nyeupe, kiasi kwamba uso wa mtu mweusi katika mwanga hafifu ulibaki macho na meno. Tecno ilirekebisha upokeaji wa mwanga kwa kutumia picha za Waafrika wenyewe. Juu ya hayo ikajenga mtandao wa vituo vya matengenezo vinavyojulikana kwa jina la Carlcare. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji uvumbuzi mkubwa wa kisayansi, na huenda ndiyo sababu wachambuzi walichelewa kuviona.

Dharau dhidi ya simu hizo ilikuwepo na bado ipo. Kwa muda mrefu neno la kuziita za Kichina lilichanganywa na tuhuma ya ufeki, ingawa ni mambo mawili tofauti, na mchanganyiko huo ulizidi mamlaka zilipoanza kuzima simu bandia. Kenya ilizima takriban simu milioni 1.9 mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafuata usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Kigezo kilichotumika ni IMEI, namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 ambayo kila simu halali hupewa, na ambayo huonekana mtu akibonyeza *#06#. Simu bandia huwa na namba ya kubuni au namba iliyoibwa kutoka simu nyingine. Mwenye simu nchini Tanzania alielekezwa kuituma namba hiyo kwenda 15090 ili apate jibu. Zoezi hilo lilikuwa na hoja nzito za kiusalama na kibiashara, lakini pia lilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi kutambua kwamba kifaa walichokilipia taslimu kingeweza kukatwa mawasiliano na mtu ambaye hawajamwona, kwa kosa lililotendwa na kiwanda na muuzaji.

Mahali pa kuyasikiliza maoni ya watumiaji yakiwa yamechujwa na uzoefu ni kwenye meza za mafundi, kama zile za Mtaa wa Aggrey huko Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Fundi hupasha kioo joto hadi gundi ilegee, hukinyanyua kwa kipande chembamba cha plastiki, huchomoa utepe wa waya unaokiunganisha na ubao mama, huweka kipya, hupaka gundi pembeni, kisha huifunga simu kwa mipira ya kufungia noti mpaka gundi ikauke. Mteja anayesubiri kazi hiyo hupewa bure elimu ambayo hakuna boksi linaloitoa: kioo cha simu fulani kipo katika kila duka la spea na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya simu, wakati kioo cha nyingine hakipatikani mpaka kiagizwe, au kikipatikana kinakaribia bei ya simu nzima. Chapa yenye mauzo mengi hupata spea nyingi, na wingi wa spea huleta mauzo zaidi, ambalo ni zunguko lilelile lililoiangusha Nokia katika upande wa programu, isipokuwa kwamba hapa linafanya kazi kwa vioo na betri. Anayemshauri jamaa yake anunue simu ambayo kila fundi anaijua huwa ametoa hukumu ya kiuchumi iliyo sahihi kabisa, hata kama hajui jina la prosesa yake.

Ndiyo maana hatua za baadhi ya watengenezaji za kukifungamanisha kila kipande na simu yake zina uzito kuliko zinavyoonekana. Katika iPhone za miaka ya karibuni, betri au kioo kikibadilishwa nje ya utaratibu wa kampuni, simu hutoa onyo kwamba kipande hicho hakitambuliki, na iPhone 13 ilipotoka mwaka 2021 ilibainika kwamba kubadilisha kioo kwa fundi wa nje kuliizima huduma ya kufungua simu kwa kutambua uso, mpaka Apple ilipolegeza baada ya kulaumiwa. Kampuni hutetea utaratibu huo kwa hoja ya usalama na kuzuia wizi wa vipande, na hoja hiyo haipaswi kupuuzwa mahali ambapo simu iliyoporwa asubuhi huweza kuwa spea jioni. Lakini matokeo yake ni kwamba uamuzi wa kama simu iliyotengenezwa imetengenezwa sawasawa umetoka kwa fundi na mteja, ukarudi kiwandani.

Mamlaka hayo ya mbali yanaonekana waziwazi zaidi katika simu za mkopo. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha nchini Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitanguliza shilingi 1,000 na kulipa shilingi 20 kila siku kwa ajili ya simu ya Android ya 4G. M-KOPA, iliyokuwa imeanza kwa kukopesha mitambo ya umeme wa jua, ilihamishia utaratibu wake wa malipo ya kila siku kwenye simu. Dhamana katika mikopo hii ni simu yenyewe. Programu ya kufunga huwekwa katika tabaka la ndani ambalo mtumiaji hawezi kuliondoa, na malipo yakikatika kioo hubaki na tangazo la deni huku kazi za kawaida zikizuiwa, mpaka fedha ziingie. Bila utaratibu huu watu wengi wasio na mshahara wa mwezi wala akaunti ya benki wasingeimiliki simu janja kwa miaka mingi, na wanaoulaani bila kulitaja hilo hawautendei haki. Hata hivyo jumla ya malipo huzidi bei ya taslimu, na la kuzingatia zaidi ni aina ya umiliki unaozaliwa: dereva wa bodaboda anayepokea wateja kwa simu hiyo hufungiwa chombo chake cha kazi siku ileile ambayo kazi imekuwa mbaya, yaani hunyang'anywa njia ya kulipa kwa sababu ya kutolipa.

Upande wa programu una mikopo yake pia, na yenye sura mbaya zaidi. Baadhi ya programu za kukopesha zilijipatia ruhusa ya kusoma orodha ya majina na namba zilizomo katika simu ya mkopaji, kisha alipochelewa zikawatumia ujumbe wazazi, wakwe na waajiri wake. Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 zinazoliweka suala hilo chini ya Benki Kuu, na Benki Kuu ya Tanzania, katika mapambano dhidi ya kile ambacho mitaani huitwa mikopo ya kausha damu, ilitoa Novemba 2024 orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wakati mwingine tatizo huingia kabla mtumiaji hajapakua chochote. Agosti 2020 watafiti wa usalama waliripoti kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Ethiopia, zilikutwa na programu hasidi zilizowaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila idhini yao na kuwamalizia salio; Transsion ilieleza kwamba zilipenyezwa na mtu fulani katika mnyororo wa ugavi. Tukio hilo linaonyesha upande wa pili wa unafuu uliosifiwa hapo juu, kwa kuwa simu inayouzwa kwa faida ndogo sana hupitia mikono mingi inayotafuta faida yake kwingine.

Kuhusu umri wa simu, tofauti kati ya matabaka ya bei imekuwa kubwa mno. Google iliahidi masasisho ya miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 Januari 2024, wakati simu nyingi za bei ya chini huahidiwa muda mfupi na nyingine haziahidiwi chochote. Si kwamba ahadi ndefu ni utakatifu. Apple ilikiri Desemba 2017 kwamba masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, bila wenyewe kuambiwa. Lakini kwa kuzingatia hesabu ya umri wa masasisho, soko la iPhone za mtumba, nyingi zikipitia Dubai, halielezeki kwa tamaa ya sifa pekee kama inavyodaiwa. Sifa ipo, na picha zinazopigwa mbele ya kioo huku alama ya tufaha ikionekana zinaithibitisha. Hata hivyo iPhone ya miaka mitatu iliyokwisha kutumika bado ina miaka kadhaa ya masasisho mbele yake, na ikiuzwa tena hurudisha sehemu kubwa ya fedha, mradi mnunuzi awe amehakikisha kwamba haijafungwa kwa akaunti ya mwenye awali. Wanaoibeza kama ushamba huenda hawajapiga hesabu ya miaka minne.

Kuunganisha simu ndani ya nchi ndiyo dawa ambayo serikali za eneo hili zimeipenda zaidi. Mara Phones ilifungua kiwanda Kigali Oktoba 2019, na Oktoba 2023 kikazinduliwa kingine Athi River, Kenya, chenye ubia wa Safaricom, kilicholengwa kutoa simu za 4G za bei nafuu. Ajira na bei ni sababu za kutosha za kuwa na viwanda hivyo, ila havigusi suala la mamlaka, kwa kuwa mfumo endeshi na duka la programu hubaki vilevile. Mkasa wa Huawei unatosha kulipima jambo hili: ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani, ina maabara zake na prosesa zake, lakini Marekani ilipoiwekea vikwazo Mei 2019, simu zake mpya kuanzia Mate 30 ya Septemba mwaka huo zilitoka bila huduma za Google, na nje ya China mauzo yake yakaporomoka.

Umoja wa Ulaya umechagua kuingilia pale hasa ambapo boksi haliandikwi kitu. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025, watengenezaji wanaouza simu humo wanalazimika kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya toleo husika kuacha kuingizwa sokoni, na spea zake ziendelee kupatikana kwa miaka 7. Tanzania na Kenya nazo zina mahali pa kuanzia, kwa kuwa kila aina ya simu inapaswa kuidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuuzwa kihalali. Uidhinishaji huo msingi wake ni masafa ya redio, usalama wa umeme na kuoana na mitandao iliyopo; kuuongezea swali la simu itasasishwa mpaka lini, spea zake zitatoka wapi, na ni nani mwingine aliyepewa uwezo wa kuifunga, ni suala la kanuni, wala halihitaji kiwanda.